Umebeba Nini?

Hotuba kwa madereva wa malori, matingo, wapakiaji, mafundi na maofisa usafirishaji waliokutana Morogoro. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu waliokuwa safarini siku hiyo.

Ndugu madereva, ndugu matingo, mafundi, wapakiaji, maofisa usafirishaji, na ninyi wenye magari: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wakubwa zangu shikamooni.

Nina swali moja tu leo, na nitalirudia hadi mlichoke. Umebeba nini?

Nenda mizani ya Vigwaza asubuhi yoyote, mwulize dereva swali hilo. Mmoja atasema, "Mafuta." Mwingine, "Kemikali." Wa tatu atasema, "Mzigo wa mgodini." Hayo ni majibu ya abiria. Mafuta yapi? Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, maana yake hapa kwetu iko tayari usiku na mchana, masika na kiangazi. Dizeli haifiki huko mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Kemikali ipi? Iko inayotaka maji mengi ikimwagika, na iko ambayo maji ndiyo yanayoiamsha. Mzigo wa mgodini upi? Chokaa huenda mgodini, na sianidi huenda mgodini. Utawaambia wanakijiji wakae mbali kiasi gani, kama hujui umebeba ipi?

Jibu limebandikwa kwenye gari lenyewe. Kibao cha rangi ya machungwa, upana sentimita 40, kimo sentimita 30, mstari mweusi katikati. Namba ya juu inaeleza hatari. Namba ya chini, yenye tarakimu nne, ndiyo jina la mzigo kwa mataifa yote. Tusome pamoja, kwa sauti. Juu 33, chini 1203: petroli. Tatu ni kimiminika kinachowaka, na ikirudiwa mara mbili ujue ukali umezidi. Juu 30, chini 1202: dizeli. Juu 23, chini 1965: gesi ya kupikia, mbili ni gesi, tatu inawaka. Juu 80, chini 1830: tindikali ya salfuriki, nane inakula ngozi na chuma. Juu 66, chini 1689: sianidi. Sita ni sumu, sita mbili ni sumu kali. Na ukiona herufi X imetangulia namba, hapo maji hayasogezwi.

Hivi sasa chukulia gari limelala mtaroni na wewe dereva umezimia. Askari wa Zimamoto amesimama mita 100, upepo mgongoni, hana wa kumwuliza. Kibao ndicho kinachoongea kwa niaba yako. Kama kimejaa tope la Mikumi, umemwacha gizani. Kama kinasema 1203 kwa sababu juzi ulibeba petroli, na leo ndani kuna tindikali, umemdanganya, na yeye atakuja na vifaa vya kupambana na petroli. Kibao hubadilishwa siku mzigo unapobadilika. Na tenki likishushwa bila kuoshwa, kibao hakiondolewi, maana mvuke bado umo. Nitarudi kwenye hilo.

Namba hizi ni za Umoja wa Mataifa, na kwa usafiri wa barabara upo mkataba uliotiwa saini Geneva mwaka 1957, unaoitwa ADR, ambao jirani zetu Uganda wamekwishajiunga nao. Kwetu ipo Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na ipo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, upande wa mafuta na gesi. Sitawachosha na vifungu. Nataka tuzungumze kile ambacho mafunzo yanapaswa kuacha mikononi mwa mtu, maana cheti kinabaki kwenye faili la ofisi, na mikono ndiyo inayokwenda Tunduma.

Tuanzie depo.

Petroli inapopita kwenye bomba husuguana na kuta zake, na msuguano huo huzaa umeme tuli. Mmeshauona umeme huo mkivua sweta la nailoni gizani, vile vicheche vidogo vinavyolia. Cheche ya ukubwa ule inatosha kuwasha mvuke wa petroli. Ndiyo maana waya wa ethi, ule wa kuupeleka umeme huo ardhini, hufungwa kwanza, kabla ya mfuniko wowote kufunguliwa, kabla ya mpira wowote kuunganishwa. Na hutolewa mwisho, baada ya mpira kuondoka na mifuniko kufungwa. Wa kwanza kufungwa, wa mwisho kufunguliwa. Angalieni pia meno ya kile kibano yameuma wapi. Yakiuma kwenye rangi au tope, umeme hauna pa kupita, na waya wako umekuwa pambo. Yaume chuma kitupu. Tingo, hii ni kazi yako mara nyingi. Nani amewahi kukufundisha kwa nini?

Sasa sikilizeni jambo ambalo hata wazoefu huliteleza. Gari limeshusha petroli Dodoma, limerudi Dar es Salaam tupu, na leo limepangiwa dizeli. Dereva anashusha pumzi: dizeli haina shida. Ndugu zangu, hapo ndipo penye shida. Ndani ya tenki lililotoka kubeba petroli, mvuke kwa kawaida ni mzito mno, umezidi hewa, hauwaki. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na karibu asilimia 7.6 ya hewa; chini ya hapo ni mwepesi mno, juu ya hapo ni mzito mno. Dizeli inapoingia huunyonya ule mvuke, hewa inachukua nafasi yake, na mchanganyiko unashuka taratibu mpaka unaingia palepale panapowaka. Na dizeli hiyohiyo, ikimwagwa kwa kasi kutoka juu, inazaa umeme tuli. Baruti na kiberiti umeviweka chumba kimoja.

Dawa yake? Mwambie mpakiaji mzigo uliopita ulikuwa nini. Bomba lifike chini kabisa ya tenki, au pakia kwa kupitia chini. Anza polepole, kasi isizidi mita moja kwa sekunde, mpaka mdomo wa bomba umezama. Ukimaliza, usikimbilie kutumbukiza kijiti cha kupimia. Ngoja dakika kumi umeme utulie. Kwa hiyo swali letu sasa lina mkia: umebeba nini, na juzi ulibeba nini?

Halafu kuna nafasi ya juu. Vimiminika hutanuka kwa joto. Petroli hutanuka karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja. Chukua tenki la lita 36,000, limepakiwa alfajiri, likapata nyuzi 10 zaidi jua la saa nane: hapo zimeongezeka kama lita 360. Zitakwenda wapi kama ulijaza hadi shingoni? Kwa gesi iliyofanywa kimiminika jambo hili ni zito zaidi, maana mtungi ukijaa kimiminika kitupu na joto likapanda, hakuna chuma kinachoweza kuushikilia. Tarehe 11 Julai 1978, nchini Hispania, lori la tenki liliondoka likiwa na zaidi ya tani 23 za propilini ndani ya tenki ambalo lilitakiwa kubeba kama tani 19. Lilipasuka kando ya kambi ya watalii ufukweni, mahali paitwapo Los Alfaques, likaua zaidi ya watu 200. Dereva alikufa palepale. Waliotiwa hatiani mahakamani baadaye walikuwa watu wa kampuni, waliohusika na upakiaji na usafirishaji. Nawaambia hili ninyi mnaokaa ofisini na kwenye jukwaa la kupakia, mnaodhani mafunzo haya ni ya dereva peke yake. Dereva haoni ndani ya tenki. Wewe mwenye mita ndiye unayeona.

Kuhusu tenki tupu nitasema kwa uchungu, maana hapa wanakufa mafundi wetu. Tenki limeshushwa, limeletwa gereji, kuna ufa mdogo kwenye ukosi wa koki. Fundi analigonga kwa nyundo, linalia tupu, anawasha mashine ya kuchomelea. Lita moja tu ya petroli iliyobaki kwenye mkunjo wa chini ikigeuka mvuke wote, inatoa karibu lita 200 za mvuke. Changanya na hewa, inatosha kukijaza chumba kidogo mchanganyiko wa kulipuka. Lita moja! Tenki lililojaa lina mvuke kidogo na kimiminika kingi. Tenki tupu ni mvuke na hewa peke yake. Na msidhani kwamba tenki la tindikali ni salama kwa kuwa tindikali haiwaki. Tindikali ya salfuriki ikiwa kali haili sana chuma, lakini ikichanganyika na maji ya kuoshea inakuwa nyepesi, inaanza kula chuma, na inatoa gesi ya haidrojeni, ambayo inalipuka. Kuchomelea tenki kunaanza na kuliosha na kulipuliza hewa mpaka kipimo cha gesi kionyeshe sifuri. Kipimo, jamani. Pua si kipimo.

Na asiingie mtu kwenye tenki kuokoa mwenzake aliyeanguka ndani bila mtungi wa hewa na kamba kiunoni. Wa kwanza alianguka kwa sababu hakuna hewa. Wa pili ataanguka kwa sababu hiyohiyo.

Tutoke getini sasa, tushike barabara.

Tenki linapinduka kirahisi kuliko lori la mizigo mikavu kwa sababu mbili: uzito wake uko juu, na mzigo wenyewe unatembea. Ukikata kona, kimiminika kinapanda upande wa nje na kulivuta gari. Ukifunga breki, kinakimbia mbele na kukusukuma ukiwa umeshasimama. Mlioendesha tenki la nusu mnaujua ule msukumo mgongoni, kama mtu kapiga kiti teke. Ndiyo maana kanuni za ADR zinasema tenki au chumba kikubwa kisicho na vizuizi vya ndani vya kukigawa katika sehemu zisizozidi lita 7,500 kijazwe angalau asilimia 80, au kisizidi asilimia 20. Katikati ya hapo, hapana.

Na hapa tindikali inaingia tena. Petroli ni nyepesi. Lita 36,000 ni kama tani 27. Tindikali kali ya salfuriki ni nzito, lita moja ni karibu kilo 1.84. Lita 18,000 tu ni tani 33. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima na mzigo wake. Mtu mwenye tenki la petroli anayetaka kubeba tindikali bila kuvunja sheria ya mizani atalijaza nusu, na nusu ndiyo hasa inayocheza. Mizani itampitisha, kona itamkataa. Tindikali inahitaji tenki lake, dogo, lenye chuma na vali zinazoistahimili. Februari 2019, katika mkoa wa Lualaba, Kongo, lori la tindikali liligongana na magari mengine, moja likiwa la abiria. Tindikali ikawamwagikia watu waliokwama ndani ya gari. Waliokufa walifika kama 20.

Dereva, tela linaanza kuinuka kabla wewe hujahisi chochote. Kichwa cha lori kina springi zake na kiti chako kina springi zake, vyote vinakubembeleza. Ukihisi gari linalala, magurudumu ya nyuma ya upande wa ndani yameshaachana na lami. Hapo usukani hauna msaada. Mwendo wa kona unapunguzwa kabla ya kona, gari likiwa limenyooka.

Nani hapa hajapita mteremko wa Kitonga? Wote mmepita. Kwa nini breki zinaishia pale? Ukikanyaga breki mfululizo, ngoma inapata joto na kutanuka, inakimbia mbali na viatu vya breki. Kila ukikanyaga, viatu vinasafiri mbali zaidi kuifuata, na upepo unatumika zaidi. Mwishowe unakanyaga mpaka chini na hakuna kinachoshika. Breki ilikuwa nzima. Joto ndilo lililoila. Gia huchaguliwa juu ya mlima, gari likiwa bado tambarare, na breki ya injini inafanya kazi kubwa. Ya miguu unakanyaga kwa nguvu kidogo, unapunguza mwendo, unaachia ipoe, kisha tena. Anayeshuka akiwa ameweka mguu juu ya breki muda wote, hata kwa upole, anapika ngoma zake.

Chini ya mteremko, simama mahali salama. Tingo ashuke na apitishe mgongo wa mkono karibu na kila habu, yaani kitovu cha gurudumu, bila kugusa. Mgongo wa mkono, kwa kuwa ukiungua bado una kiganja cha kufanyia kazi. Habu moja ikiwa ya moto kuliko jirani zake, kuna breki inayoshika au beringi inayokufa. Apige na tairi za ndani, zile pacha, moja baada ya nyingine. Tairi ya ndani iliyoishiwa upepo husagwa na mwenzake, inapata joto, na baada ya kilomita kadhaa inawaka. Moto wa tairi chini ya tenki la petroli ndio moto ambao mtungi wako wa kuzimia moto ulitengenezewa. Lakini unga wa mtungi unaua mwali tu. Joto linabaki ndani ya mpira, na tairi hurudi kuwaka dakika chache baadaye. Ukishauzima, endelea kuupoza kwa maji mengi, usigeuze mgongo. Gari la zaidi ya tani saba na nusu libebe mitungi ya unga isiyopungua kilo 12 kwa jumla, mmoja wa kilo mbili kwa ajili ya injini na kabini, na angalau mmoja wa kilo sita. Iwe nje, mahali pa kufikika, isiwe imefungwa kufuli nyuma ya kiti chini ya mkaa wa biashara.

Niseme kidogo juu ya sianidi, maana barabara ya kwenda Geita na North Mara inaijua.

Sianidi ya migodini husafiri ikiwa vipande vikavu vyeupe, ndani ya makasha ya tani moja, ndani ya kontena. Ikiwa kavu, imefungwa, imetulia. Ikikutana na tindikali inatoa gesi inayoua kwa dakika chache. Ikikutana na maji na unyevu wa hewa, gesi hiyohiyo inatoka polepole. Basi usiipakie pamoja na tindikali, hata dumu moja la tindikali ya betri. Usiipakie na chakula. Ikimwagika barabarani usiimwagie maji, wala usiipulizie mtungi wa gesi ya kaboni. Ifunike kwa turubai kavu, jaza udongo kwenye mtaro unaoelekea mtoni, kaa upande unakotoka upepo, na waachie kazi wenye vifaa. Mtu akianguka kwa sumu hii, usimpulizie pumzi kwa mdomo wako. Anahitaji oksijeni na hospitali, na wewe unahitajika mzima.

Tarehe 20 Mei 1998, nchini Kirgizia, lori lililokuwa likipeleka sianidi kwenye mgodi wa dhahabu wa Kumtor lilitumbukia kwenye mto Barskoon, na zaidi ya kilo 1,700 zikaingia majini. Wanakijiji wa chini ya mto walichelewa kuambiwa kwa saa kadhaa. Walikuwa wanakunywa na kumwagilia. Msafara wa sianidi unaotoka bandarini bila orodha ya namba za simu za kila wilaya unayopita, na bila mtu wa msafara aliyefundishwa kuzipiga, umeondoka nusu.

Sasa nifike kwenye lile lililonileta.

Msamvu iko hapo tu, mnaifahamu. Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, asubuhi, lori la petroli lilipinduka pale. Watu wakaja na madumu. Moto ukawaka. Wakafa zaidi ya watu 100. Miaka kumi na kitu nyuma yake, tarehe 31 Januari 2009, Sachangwan nchini Kenya: lori la petroli, madumu, moto, zaidi ya watu 110. Tarehe 2 Julai 2010, Sange, Kivu ya Kusini, kati ya Uvira na Bukavu: zaidi ya 230. Pale Sange wengi hata hawakwenda kuchota. Walikuwa wamekaa kwenye vibanda vya video wakitazama Kombe la Dunia, na petroli ikawafuata walipokaa.

Tusiwaseme vibaya marehemu wetu. Mtu anayeona lita elfu za petroli zikizama kwenye udongo, na nyumbani ada ya mtoto haijalipwa, haoni kifo, anaona ada. Hakuna aliyemfundisha kwamba mvuke wa petroli ni mzito mara tatu au nne kuliko hewa, kwamba hauendi juu, unatambaa. Unashuka mtaroni, unapita chini ya daraja, unafika kwenye jiko la mkaa la mama anayekaanga mihogo mbali na lori, na moto unarudi kwa njia ileile mpaka kwenye tenki. Haoni chochote njiani. Yeye hajui. Lakini wewe unajua, au ulipaswa kujua. Na kwa zile dakika kumi za mwanzo, kabla ya Zimamoto, kabla ya polisi, kabla ya mkuu wa wilaya, mjuzi pekee aliyepo pale ni wewe na tingo wako.

Mnafanya nini? Vuta breki ya mkono. Zima injini. Kata swichi kuu ya betri. Swichi hiyo, ndugu zangu! Mashuhuda wa Msamvu walisema kuna mtu alikuwa akihangaika kuichomoa betri ya lori. Umeme ukiwa umekatwa, umepunguza cheche moja. Toka na hati za mzigo mkononi. Zikae mlangoni mwa kabini, ndani ya mfuko, siku zote. Vaa kizibao cha kuakisi mwanga. Tazama majani au vumbi, ujue upepo unatoka wapi, simama upande huo. Piga 114, Zimamoto. Piga 112, polisi. Taja mahali, taja namba ya kibao, taja kama inavuja au inawaka. Sekunde thelathini zinatosha: "Kitonga, kona ya pili kutoka chini, tenki limelala, namba 1203, linavuja, haliwaki."

Halafu watu. Hapa mafunzo mengi yanaishia kwa kusema "dhibiti umati", kana kwamba dereva ana kikosi. Huna kikosi. Kwa hiyo tengeneza. Watu wanne wa kwanza kufika, wape kazi kabla hawajaona petroli. "Wewe wa bodaboda, zima pikipiki, nenda kwa mguu mpaka ule mti, usiruhusu gari kupita. Wewe, upande ule. Wewe, kamwite mwenyekiti wa mtaa. Mama, mwaga maji kwenye jiko lako, na la jirani yako." Mtu aliyepewa kazi ni mlinzi, aliyeachwa asimame atatafuta dumu. Petroli ikivuja anza na mita 50 kila upande. Ikiwa imemwagika nyingi, mita 300 kule upepo unakoelekea. Tenki likishika moto, mita 800 kila upande: viwanja vinane vya mpira. Mitungi yako ni ya moto wa tairi, injini na kabini. Moto ukishaingia kwenye mzigo, iache mitungi, ondoka, ondoa watu.

Msifikiri kuwa moto unaoonekana mdogo unakupa muda. Mihăilești, Romania, tarehe 24 Mei 2004, lori la tani 20 za mbolea ya amonium nitreti lilipinduka alfajiri na kuanza kuwaka. Zimamoto wakaja, wanakijiji wakaja, waandishi wa habari wakaja. Karibu saa moja ilipita, moto ukionekana wa kawaida. Kisha mbolea ikalipuka kama bomu na kuua watu 18. Lilikuwa lori la mbolea. Ndiyo maana nauliza: umebeba nini?

Ninyi wenye magari, neno moja kwenu. Mafunzo ya darasani ya siku mbili yakiisha bila dereva kushika mtungi na kuuzima moto halisi kwenye sinia la mafuta, hajafundishwa. Bila tingo kufunga waya wa ethi kwa mikono yake, hajafundishwa. Mpakiaji, fundi wa kuchomelea, mlinzi wa getini, karani anayeandika hati: wote waingie darasani, na warudi tena kabla hawajasahau. Siku ya dereva darasani ni siku ambayo gari limesimama, najua, na mnaihesabu kwa dola. Ihesabuni, kisha mmlipe posho yake siku hiyo, ili asiyaone mafunzo kama adhabu.

Nimesema vya kutosha. Nje, kwenye uwanja wa nyuma, kuna lori la tenki lililooshwa na kupimwa. Tutoke wote. Kila dereva atafungwa kitambaa machoni, akae kwenye kiti, na nikipiga filimbi atafute breki, funguo, swichi ya betri na hati, kwa mpangilio huo, atoke. Matingo ndio watakaoshika saa. Kisha mtabadilishana. Tingo, anza wewe.